Sipro inashindwa Goma: kosa ni la bakteria, la kidonge ama la kipimo?

NesiHimbi
Jambo wote. Swali hili ni kwa walio labo, farmasi na vituo vya afya. Mgonjwa anakuja na homa na maumivu ya tumbo, anapimwa Widal (kipimo cha damu cha tifoidi), inatoka 1/160 ama 1/320, anaandikiwa sipro (antibiotiki siprofloksasini) 500 mara mbili kwa siku, siku 7. Siku ya kumi na mbili amerudi, joto 39. Anaongezewa sipro ileile, ama anahamishiwa sefitri (seftriaksoni) ya sindano. Kwa watoto wenye kuhara damu ni hivyohivyo: siku ya tatu damu bado iko chooni. Nasema wazi: kwa magonjwa ya tumbo hapa Goma sipro imekwisha, tunaiandika kwa mazoea. Mnaonaje? Na kama imekwisha, tuhamie wapi?

Pipeti
Yaya, umetia magonjwa mawili ndani ya gunia moja. Kuhara damu tuliache kwanza, tuanze na huyo wa Widal. Nani amekuambia ana tifoidi?

Widal ni kipimo cha mwaka 1896. Kinatafuta antibodi (alama za kinga ya mwili), hakitafuti bakteria. Malaria inaweza kukipandisha, Salmonella nyingine (ndugu za bakteria wa tifoidi) pia, hata tifoidi ya zamani iliyopona. Halafu tazama kinavyofanywa: matone juu ya kioo, 80, 40, 20, 10 na 5 µl za serumu (maji ya damu). Tone la 5 µl likigandana wanaandika 1/320. Kusoma ni dakika 1. Ukisoma dakika ya tatu kwa sababu foleni ni ndefu, ukingo wa tone umeanza kukauka na unaona punje pasipo na kitu. Mtu mwenye malaria ama virusi akipewa sipro siku 7, atarudi na joto lake. Hapo sipro haikushindwa na chochote, haikukutana na adui.

Ninyi wa vituoni, kati ya hao waliorudi, wangapi damu yao ilioteshwa labo kutafuta bakteria?

NesiHimbi
@Pipeti karibu hakuna. Chupa hazipo kila mahali, na zikipatikana familia inaona bei.

Birere_Farmasi
Salama bandugu. Miye naongea upande wa dawa, maana huku mtaani njo tunaona dozi inavyovunjika.

Kwanza, karatasi ya muganga imeandika vidonge 14. Mtu anauliza bei, ananunua 4 ama 6, anasema "nitarudia". Siku ya pili joto limeshuka kidogo, harudi. Pili, kuko vidonge vya 250 na vya 500, na boksi zinafanana. Mtu anakunywa 250 asubuhi na jioni akidhani iko dozi nzima. Tatu, na hii hata waganga wanaisahau: sipro haipatani na madini. Kalsiamu, chuma, zinki, magnesi na alumini za dawa ya kiungulia, zote zinaishika sipro ndani ya tumbo na haiingii vizuri kwa damu. Mtoto wa kuhara damu anapewa sipro na zinki 20 mg kwa mkono uleule, saa ileile, kwa kijiko kimoja! Mwingine anameza na mashanza (maziwa ya mgando) ili kisiunguze tumbo. Sipro inywewe na maji, saa 2 kabla ya zinki ama saa 6 baada yake. Andikeni saa kwenye boksi: sipro saa moja asubuhi, zinki saa sita mchana, sipro tena saa moja usiku. Hapo mama anaelewa.

Kwa hiyo miye siamini iko bakteria tu.

DoctaKyeshero
@Pipeti @Birere_Farmasi mmesema kweli wote wawili, ila kweli zenu hazifuti usugu. Usugu upo, na unajificha ndani ya karatasi ya majibu.

Sipro inashika kimeng'enya ambacho bakteria anakitumia kukunja na kukunjua DNA yake. Mabadiliko madogo kwenye jeni gyrA, sehemu ya 83, yanatosha kuifanya sipro ishike vibaya. Bakteria huyo bado hajawa sugu kabisa, amelegeza tu kamba. Anaongeza badiliko la pili sehemu ya 87, kisha la tatu kwenye jeni nyingine, parC, na hapo ndipo anasimama imara. Kosa letu liko kwenye hatua ya kwanza. Labo inaweka diski yenye dawa juu ya sahani ya bakteria na kupima duara ambamo hawakuota. Zamani, kwa diski ya sipro ya mikrogramu 5, duara la milimita 21 lilitosha kuandika S (anasikia dawa; R ni sugu). Tangu 2012 kanuni za CLSI (taasisi ya Marekani ya viwango vya labo) zinadai milimita 31 kwa Salmonella. Labo yenye jedwali la zamani ukutani inaona milimita 26, inaandika "S", na mgonjwa anapewa sipro kwa bakteria ambaye ataburuza homa wiki mbili.

Ukitaka kumkamata wa hatua ya kwanza, weka diski ya pefloksasini (ndugu ya sipro) ya mikrogramu 5: chini ya milimita 24, usimpe sipro. Tulikuwa tukitumia diski ya asidi nalidiksiki (dawa ya zamani ya jamii hiyo) kwa kazi hiyohiyo, lakini wenye jeni za qnr zinazosafiri kwenye plazimidi (vipande vya DNA ambavyo bakteria wanapeana) wanaipita.

Tena msikimbilie kusema dawa imeshindwa siku ya tatu. Joto la tifoidi linashuka polepole, siku 4 hadi 5 hata kwa bakteria anayesikia dawa.

MzeeMugunga
Vijana, Goma haikuanza leo. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua wakimbizi karibu 50,000 kwa mwezi mmoja, na vijidudu vilikuwa vimeizoea doksi (doksisiklini). Kila kitu kilikuwa sugu tangu wakati ule.

Ndosho_Epi
Mzee wetu, shikamoo. Turekebishe kidogo: vifo karibu 50,000 vya mwezi wa kwanza havikuwa vya kipindupindu peke yake. Kipindupindu kilitangulia, Julai, na kweli vibrio wale (bakteria wa kipindupindu) walikuwa sugu kwa tetrasiklini na doksi. Nyuma yake likaja wimbi la kuhara damu, Shigella dysenteriae aina ya 1. Ni wadudu wawili tofauti, na doksi wala sipro si tiba ya msingi ya kipindupindu. Tiba ni maji: SRO (maji ya chumvi na sukari ya kunywa) na seromu (maji ya mshipani). Antibiotiki inapunguza tu muda na wingi wa kuhara kwa aliyekauka sana.

Shigella huyo historia yake ni ya kwetu kabisa. Wimbi lake la Afrika ya Kati lilianzia kaskazini-mashariki mwa Zaire mwaka 1979, likaingia Rwanda na Burundi. Alikuja tayari amezoea ampisilini, tetrasiklini na kloramfenikoli. Tukatoa asidi nalidiksiki, naye akaizoea baada ya miaka michache. Ndiyo maana sipro ikapanda kiti. Na huyu Shigella ndiye aliyefundisha dunia jambo la plazimidi: Japani, 1959, walionyesha kwamba usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja unahama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine wakiwa wamegusana tu. Ndani ya utumbo wa mtu mmoja E. coli asiye na madhara anaweza kumkabidhi Shigella mzigo mzima.

MzeeMugunga
@Ndosho_Epi marahaba, nimesahihishwa. Aksanti.

Kadutu_Labo
Salamu kutoka Bukavu. Docta Kyeshero ameongea juu ya "S" ya uongo. Mimi niongeze "R" ya uongo, nayo ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Kina cha agari ya Mueller-Hinton (chakula cha kuoteshea bakteria kwenye sahani) ni milimita 4. Kwa sahani ya sentimita 9 ni ml 25, upime kwa silinda, usikadirie kwa jicho. Agari nene, dawa inazama chini, duara linakuwa dogo, unaandika R. Agari nyembamba, kinyume chake. Bakteria wachanganywe mpaka ukungu wa 0.5 McFarland (kipimo cha wingi wao), ukiwa mzito, duara linasinyaa. Diski zikae kwenye friza -20 °C, kopo la kazi kwenye friji pamoja na vijiwe vya kukausha, na kopo lifikie joto la chumba kabla ya kulifungua, la sivyo umande unaingia ndani. Umeme ukikatika usiku kucha mara mbili kwa wiki, wa kwanza kufa ni diski ya amoksi-klavulaniki na ya imipenemu (antibiotiki ya akiba). Basi unaona E. coli "sugu kwa imipenemu" kila Jumatatu na mji mzima unaingiwa hofu.

Kotri (kotrimoksazoli) nayo ina mtego wake: agari yenye thimidini nyingi inawalisha bakteria, na duara linapotea. Kwenye kotri usifuate ule ukungu mwembamba wa ndani, soma pale ukuaji unapopungua kwa asilimia 80.

Dawa ya haya yote ni moja, E. coli ATCC 25922, bakteria wa mfano ambaye duara lake linajulikana. Kila wiki, na kila ukifungua kopo jipya la diski. Duara lake likitoka nje ya mipaka, majibu ya wiki ile hayatoki labo. Kabla ya kusema Goma ina usugu asilimia fulani, niambieni ni labo ngapi zinaotesha 25922.

Pipeti
@Kadutu_Labo umenigusa pale pale. Ongeza otoklavu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu). Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Saa ya otoklavu ikionyesha shinikizo la PSI 15, kule Matadi ni 121 °C. Hapa hewa ni nyepesi, kwa hiyo PSI 15 ileile inakupa kama 118. Agari inatoka haijasafishwa sawasawa, kesho yake sahani zimeota bila kupandwa. Panda mpaka PSI 17.5 hivi, kama chombo kimeruhusiwa kufika hapo, ama fuata kipimajoto badala ya saa ya shinikizo.

Wa_Majengo
Kumbe! Basi ndiyo maana hata maji yaliyochemka hapa Goma hayaui tifoidi, yanachemka chini ya 100.

Pipeti
@Wa_Majengo hapana, hiyo isitoke kwenye uzi huu. Maji hapa yanachemka kwenye 95 °C hivi, na Salmonella, Shigella na vibrio wanakufa kabla hata hayajafika hapo. Yakishatokota vizuri kwa dakika 1, yametosha. Otoklavu ni habari nyingine, kule tunaua mbegu za bakteria zinazostahimili mchemko. Maji ya nyumbani hayana sharti hilo. Yanaharibika baadaye, mtu anapotumbukiza kikombe na vidole.

Lushi_Mifugo
Nawasoma kutoka Lubumbashi. Mmezunguka hospitali na labo, hamkufika bandani. Kuku wa nyama anapewa oksitetrasiklini kwenye maji tangu kifaranga, wengine wanampa enrofloksasini (dawa ya mifugo ya jamii ya sipro). Mwilini mwa kuku enrofloksasini inageuka, sehemu yake inakuwa sipro kabisa, siyo ndugu yake. Dawa inawekwa kwenye ndoo ya kundi zima, kuku mgonjwa anakunywa kidogo, mzima anakunywa nyingi. Ni shule nzuri ya kufundishia bakteria. Marekani waliifuta enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya Campylobacter (bakteria wa kuhara) sugu. Kwa maoni yangu chanzo kikubwa kiko hapo.

DoctaKyeshero
@Lushi_Mifugo nakubali kwa Campylobacter, kwa E. coli na kwa Salmonella za wanyama. Kwa tifoidi hapana. Salmonella Typhi, bakteria wa tifoidi, hana nyumba kwa kuku wala kwa ng'ombe, anakaa kwa binadamu peke yake. Shigella vilevile, ukiacha nyani. Usugu wa gyrA umetengenezwa ndani ya matumbo ya watu, kwa vidonge vya watu.

Lushi_Mifugo
Docta, gyrA sawa. Lakini Ndosho_Epi amesema hapo juu kwamba E. coli anakabidhi plazimidi. E. coli wa kuku anaingia tumboni kwa mchinjaji, kwa mama anayetengeneza kuku jikoni. Hahitaji kukaa, anahitaji siku chache za kupita. Tazama Pakistani mwaka 2016: Typhi wa Sindh alikuwa tayari ameshinda kloramfenikoli, ampisilini na kotri, sipro nayo akaishinda, kisha akapokea plazimidi yenye jeni ya CTX-M-15 na kuishinda sefitri. Ikabaki azitro (azitromisini) ya kumeza na kabapenemu (jamii ya imipenemu) za mshipani. Plazimidi ile haikuzaliwa ndani ya Typhi.

DoctaKyeshero
Haikuzaliwa ndani yake, ndiyo. Kwamba ilitoka kwa kuku, hilo wewe ndiye unayeliongeza. E. coli wa watu na wa maji machafu wanaibeba pia.

Maji_Kivu
Jamani, mnabishana juu ya nani alimfundisha bakteria, na mgonjwa wa NesiHimbi anarudi nyumbani kunywa maji ya bidoni (dumu) ileile. Huenda hakushindwa kupona, ameambukizwa tena. Shigella wanatosha 10 hadi 100 kukuangusha. Na wachache kati ya waliougua tifoidi wanabaki na Typhi ndani ya kibofu cha nyongo kwa miaka, wakiwa wazima, wakiuza chakula.

Kwenye vituo vya klori ziwani kuna jambo linalosahaulika. Mchanganyiko mama wa asilimia 1 ni gramu 15 za HTH (unga wa klori) ya 65–70% ndani ya lita 1. Mililita 4 kwenye bidoni ya lita 20 ni miligramu 2 za klori kwa lita. Unatikisa, unasubiri dakika 30, unapima iliyobaki, iwe 0.5. Kanuni hiyo ni ya maji yenye pH chini ya 8. Ziwa Kivu juu juu liko karibu 9! Kwenye pH hiyo klori nyingi iko katika umbo dhaifu. Kipimo kinaonyesha 0.5, rangi ni nzuri, lakini kazi inaenda polepole. Kwa maji ya ziwa msiwaambie watu dakika 30, waambieni saa 1 na zaidi. Na mwenye kubeba kwa chukudu (baiskeli ya mbao) asianze kuuza akiwa bado njiani.

Ndosho_Epi
@Maji_Kivu hiyo ya pH ni muhimu, iandikwe ukutani pale vituoni. Lakini kuambukizwa tena ndani ya siku 12, wakati siku 7 za mwanzo mtu yuko kwenye sipro, ni vigumu kama bakteria anaisikia sipro. Ama ni sugu, ama sipro haikuingia mwilini. Tunarudi kwa Docta na kwa Birere.

Pipeti
Ama haikuwa tifoidi :)

NesiHimbi
Pipeti, wewe na Widal ni paka na panya. Aksanti wote, najifunza. Sasa nipeni jibu la kazi. Kituo hakina labo. Mtoto wa kilo 12, kuhara damu, joto. Leo. Nafanya nini?

DoctaKyeshero
Maji na SRO kwanza, kula kusikatishwe, zinki 20 mg kwa siku 10 hadi 14 (chini ya miezi 6 ni 10 mg). Antibiotiki: mwongozo wa OMS (Shirika la Afya Duniani) wa 2005 unaanza na sipro 15 mg kwa kilo mara mbili kwa siku, siku 3. Kwa kilo 12 ni 180 mg kila mara. Kidonge cha 250 hakigawanyiki sawa, tafuta sirapu. Mtazame baada ya saa 48: damu imepungua? joto? anakula? Kama hakuna nafuu, badilisha kuwa azitro, ama sefitri 50 hadi 100 mg kwa kilo mara moja kwa siku, siku 2 hadi 5. Asidi nalidiksiki iacheni kabisa. Na amoksi (amoksisilini) kwa kuhara damu ni kupoteza siku mbili.

Kadutu_Labo
Naogopa neno moja tu hapo: "badilisha kuwa azitro". Kila mtu atarukia azitro. Badiliko moja kwenye jeni acrB, sehemu ya 717, linatosha Typhi kuitema azitro nje kwa pampu yake. Na sisi labo kuifuata ni kazi: diski ya mikrogramu 15, kwa Typhi kuanzia milimita 13 ni S, lakini ukingo wa duara ni hafifu, wakati mwingine maduara mawili, moja ndani ya jingine. Watu wawili wakisoma sahani moja wanatoa namba mbili.

Tena, labo zisiandike jenta (jentamisini) "S" kwa Salmonella wala kwa Shigella. Kwenye sahani inaua vizuri sana. Ndani ya mtu bakteria hao wanajificha ndani ya seli, jenta haiwafikii. Sefaleksini na ndugu zake wa kwanza vilevile. Muganga akiona S anaandika, na mgonjwa anarudi, kisha mnasema usugu.

Birere_Farmasi
Na hiyo njo sababu ya nne! Dawa iliyoandikwa "S" isiyofika.

Ndosho_Epi
@Docta, mimi nina shaka na sipro kwa kila kuhara damu. E. coli wanaotoa sumu ya Shiga nao wanaleta damu, mara nyingi bila joto, na antibiotiki inaweza kumwaga sumu zaidi na kuharibu figo.

DoctaKyeshero
Shaka ni halali. Kwetu kuhara damu na joto ni Shigella mpaka ionekane vinginevyo, na Shigella aliyeachwa anaua mtoto mwenye utapiamlo. Bila joto, tumbo linauma sana, mtoto mkubwa: hapo ningesubiri na kumtazama mkojo.

Kadutu_Labo
Tumebishana vya kutosha bila sahani. Wenye vituo vya Himbi, Majengo na Ndosho, leteni damu na choo vya wagonjwa wa homa waliorudi baada ya sipro, na vya wale ambao hawajameza kitu. Tutaweka pefloksasini, sipro, azitro na sefitri, na 25922 kando yao. Choo cha kuhara damu: chagua pale penye ute na damu, kitie kwenye Cary-Blair (chombo chenye chakula cha kusafirishia bakteria) papo hapo, kwenye baridi, kitufikie ndani ya saa 48. Shigella kwenye kikopo kikavu hafiki hata jioni.

NesiHimbi
Boti ya asubuhi inawezekana. Damu nayo niiweke kwenye barafu?

Pipeti
Hapana yaya! Damu iliyo ndani ya chupa ya kuotesha haiwekwi kwenye friji wala barafu. Iache kwenye joto la chumba, mbali na jua. Mtu mzima, 8 hadi 10 ml kwa chupa. Kuotesha tifoidi kwa 2 ml ni kama kuvua sambaza (samaki wadogo wa ziwa) kwa kijiko, maana mara nyingi hakuna hata bakteria 1 kwa ml 1. Na hata ukifanya vizuri utamkosa kwa karibu wagonjwa 4 kati ya 10, kwa hiyo sahani tupu siyo cheti cha uzima. Safisha kizibo cha chupa kwa alkoli, ngozi pia, ngoja ikauke. Na kwenye kila chupa uandike saa ya kuchota, jina la antibiotiki ya mwisho aliyomeza, miligramu ngapi, na alimeza na nini.

Birere_Farmasi
Hiyo ya "na nini" aksanti sana. Nitawapa mama wa hapa vikaratasi vya kujaza.